Majani ya Bure kwa Abdulqawi

Ijumaa, 10 Januari 2025. Malaz, Riyadh.

Vijiko viwili! Nimehesabu. Ugali mlima mzima, sukuma vijiko viwili. Ndivyo Gilbert alivyotulisha leo, Wakenya ishirini na wawili, sebuleni kwa Lewis na mkewe Fridah, ghorofa ya nne. Kila mmoja ametoa riyali kumi zake za Ijumaa kama kawaida. Gilbert ni mlinzi wa ghala kule Al-Sulay, na huu ni mwaka wa nne akiwa mkuu wa jiko letu. Mboga nazo anazilinda.

Nikauliza, kwa heshima lakini kwa sauti, sukuma imeenda wapi. Gilbert akasema unga wa mahindi meupe umefika riyali kumi na nane pakiti, nyanya zimepanda, na sukuma Riyadh ni shida, tushukuru hicho kidogo. Nikasema mimi Dalmas naweza kuwashibisha watu hawa kwa nusu ya hizo pesa. Sijui kwa nini nilisema nusu. Ilinitoka tu.

Kisha Fridah, mweka hazina, akasema sawa, nipewe Ijumaa mbili. Nikifaulu, jiko ni langu. Nikishindwa, naosha sufuria hadi Pasaka. Nikakubali kabla hajamaliza. Ndipo nikakumbuka kwamba Ijumaa ya pili, tarehe 24, ni ya kumuaga Selipher.

Dada Selipher anarudi Kakamega, harudi tena. Miaka sita kwa madam mmoja. Aliulizwa angependa kula nini siku hiyo. Hakutaka keki, hakutaka mbuzi. Alisema ugali na sukuma, ila sukuma iwe nyingi, apakuliwe mpaka aseme mwenyewe basi.

Huyo siwezi kumwangusha. Nilipofika hapa 2022 sikujua neno la Kiarabu, wala mtu. Jioni ya kwanza nilikaa kwenye chumba cha dereva pale getini nikiutazama ukuta. Nyumba ya madam wake imepakana na ya bosi wangu. Sahani ikapita juu ya ukuta wa nyuma: ugali, na sukuma imejaa. Nilikula nikilia. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Sikuuliza sukuma ile ilitoka wapi.

Jumapili, 12 Januari

Nimempeleka madam wangu, mke wa bosi, supamaketi. Yeye anajaza troli, mimi nachunguza bei. Mchicha riyali mbili na nusu fungu, ukipikwa unabaki wa kujaza kiganja. Kabichi ni rahisi, lakini kabichi siwezi, jina langu litaharibika. Mwishoni mwa friji nikaona sukuma yenyewe! Majani manane ndani ya plastiki, yametoka Ulaya kwa ndege, riyali kumi na tisa. Kwa mama yangu sokoni ni shilingi ishirini fungu, na anakuongezea.

Nimeirudisha taratibu kwa mikono miwili. Madam akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 13 Januari

Nimegundua! Nimegundua!

Madam alinituma ndimu kwa Abdulqawi, Myemeni mwenye duka la mboga mtaa wa pili. Nikamkuta ameketi kwenye kreti akisafisha koliflawa. Anakata majani yote ya nje, anabakisha lile ua jeupe, majani yanaangukia kwenye katoni miguuni pake. Majani mapana! Ya kijani, yana mfupa mweupe katikati. Nikaokota moja, nikalikunja, nikalinusa. Sukuma. Kama si sukuma ni ndugu yake, baba mmoja mama mmoja.

Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha garini yanakwenda wapi. Akaonyesha pipa la taka. Nikamwomba kwa upole aniwekee yote, kila siku. Akasema chukua, mafi fulus, bure kabisa. Kisha akaniuliza nina sungura wangapi.

Swali la ajabu. Nikamwambia mimi sina sungura hata mmoja. Haya tunakula sisi wenyewe. Nikamweleza kwamba hii ndiyo mboga ya taifa letu, kwamba nchi nzima inaishi kwayo, kwamba mtu mzima anaweza kulia kwa kuikosa. Akaacha kukata. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaitazama katoni.

Wakenya wote hawa wa Malaz wanapita hapo kila siku, na hakuna aliyefumbua macho. Mimi tu.

Jumatano, 15 Januari

Kuimarisha urafiki, nimempelekea Abdulqawi bakuli. Bakuli la madam lenye kifuniko, nimeazima. Majani yamekatwa membamba, kitunguu, nyanya, chumvi, moto mkali. Alikula amesimama, kwa mkate. Akafuta bakuli kwa mkate wa pili. Akamwita kaka yake, mwenye maduka matatu upande ule mwingine, naye akaonja. Wakaniuliza yanapikwaje, nikawaeleza hatua kwa hatua. Kaka mtu akawa anaandika kwenye simu.

Nimejisikia balozi.

Ijumaa, 17 Januari

Ushindi! Sufuria mbili kubwa za sukuma. Watu walipakua wakarudi, wakapakua tena. Nimetumia chini ya nusu ya pesa, karibu yote ni unga. Gilbert alikula sahani tatu bila kuniangalia usoni.

Akaniuliza nimepata wapi. Nikamwambia kila kazi ina siri zake. Hapo sebule ikapoa kidogo. Fridah akakohoa. Lewis akatazama dari. Selipher akaacha tonge lake kwenye sahani, akaniuliza polepole kama mimi na mwenye duka tulielewana vizuri. Nikamwambia vizuri mno, nimemwelezea kila kitu, sasa ni rafiki yangu. Akafumba macho.

Nadhani alikuwa anashukuru chakula.

Jumatatu, 20 Januari

Katoni imehama. Haiko tena miguuni, iko juu ya meza ya mbele, karibu na ndimu. Majani yamefungwa kwa mpira mafungu mafungu, na kibao cha bei: riyali mbili.

Nikalalamika. Abdulqawi akacheka, akanipiga bega, akasema mwalimu wake ni mimi. Nimenunua manne kwa hasira, na usiku nimeyala yote. Mambo hayajaharibika sana, bado naweza kumaliza vizuri.

Jumatano, 22 Januari

Riyali tano! Koliflawa yenyewe imekaa pembeni yake, uchi, riyali nne. Nikamwonyesha Abdulqawi kwamba sasa maganda yana bei kubwa kuliko tunda. Akaniuliza kama si mimi niliyesema nchi nzima inaishi kwayo. Nikarudisha fungu mezani.

Nikiwa pale ameingia dada mmoja Mkenya simjui, akaona kibao, akageuka akatoka bila kununua kitu. Wivu labda.

Sikununua. Mboga za majani zinanyauka, hawezi kukaa nazo. Kesho jioni atakuwa ananibembeleza nizichukue kwa riyali moja. Biashara ni kichwa.

Alhamisi, 23 Januari

Hakunibembeleza. Hana hata jani. Kuna mkahawa wa Waethiopia mwisho wa mtaa, nao wanapenda majani kama sisi. Waliona kibao, wakaja, wakafanya makubaliano ya kila siku. Yote. Halas, yamekwisha, akasema Abdulqawi, na akakung'uta mikono.

Nikakimbilia maduka matatu ya kaka yake. Kote kuna vibao, kote yamekwisha. Nikaenda maduka mengine sita, bosi akipiga simu kuuliza niko wapi, nikamwambia foleni. Jioni nimerudi kwa Abdulqawi nikanunua koliflawa tisa. Zile nyeupe, zilizovuliwa. Nitazikatakata ndogo sana, nizamishe kwenye nyanya. Hakuna atakayejua.

Ijumaa, 24 Januari

Walijua.

Fridah alifunua sufuria akaifunika tena. Akaniuliza hii ni nini. Nikasema ni sukuma ya msimu. Gilbert akachota kwa kijiko, akakiinua juu watu wote waone, na kijiko chenyewe kilikuwa chekundu na punje nyeupe. Mtu akacheka nyuma. Wengine hawakucheka, maana Selipher alikuwa amekaa mbele amevaa kitenge kipya, na begi lake la safari liko mlangoni.

Nikawaambia ukweli. Majani, bakuli, Waethiopia, yote. Nilifikiri watashangaa nilivyogundua. Hakuna aliyeshangaa.

Selipher ndiye aliyeanza. Akasema, Dalmas ndugu yangu, miaka sita nimekuwa nikichukua majani kwa Abdulqawi. Mfuko mmoja kila Jumatano. Nilimwambia madam wangu ana sungura.

Gilbert akasema na yeye ana sungura, wawili. Alifundishwa na Selipher. Ndiyo maana anachukua kidogo, kiasi cha sungura wawili, Myemeni asije akajiuliza, na ndiyo maana kwenye sahani tunapata vijiko viwili. Fridah akasema yeye ana kobe wa mtoto. Hawana mtoto. Lewis, kumbe, bila mkewe kujua, alikuwa na bata wanne kwenye ghorofa ya nne. Ikawa kama maungamo. Sebule nzima ina mifugo, isipokuwa mimi.

Nikamuuliza Selipher mbona mimi hakunifundisha. Akasema kila mwaka alitaka kuniambia, akiniangalia anaona bado. Akasema nina moyo mzuri lakini mdomo wangu hauna mlango. Nikamuuliza na ile sahani ya ukutani, 2022? Akasema hiyo pia, Dalmas. Ilitoka wapi nyingine?

Sikuweza kukaa. Nikasimama tu pale karibu na jiko.

Selipher akatoa mfuko kwenye mkoba wake. Majani ya Jumatano ya mwisho ya bure, alikuwa ameyahifadhi kwenye friji ya madam wake ampelekee mgonjwa mmoja, akasema mgonjwa atapikiwa supu. Akajifunga leso juu ya kitenge kipya, akayakata mwenyewe, akayapika mwenyewe, siku ya kuagwa kwake. Watu ishirini na wawili, mfuko mmoja. Gilbert akagawa. Sasa nimeelewa ule mkono wake unavyokwenda.

Nikamwambia Gilbert ampe Selipher changu chote. Gilbert akampakulia kijiko kimoja, cha pili, akainua cha tatu. Selipher akaweka kiganja juu ya sahani, akasema basi. Alisema basi kwa vijiko viwili.

Jiko limerudi kwa Gilbert, kwa kura zote, na yangu ikiwemo. Nimeosha sufuria. Nikamsindikiza Selipher mpaka kwenye gari la uwanja wa ndege nikimbebea begi, nikamwomba msamaha. Akanishika mkono, akasema nikionacho cha bure nikichukue kidogo, na ninyamaze. Nimeyaandika maneno hayo hapa nisiyasahau. Sitayasahau.

Jumamosi, 1 Februari. Jeddah.

Bosi ameleta familia Jeddah wiki mbili, na mimi nimewaendesha. Hewa ya bahari. Nimepona kabisa yale mambo ya Malaz.

Leo nimempeleka madam soko la samaki, na daftari, nimegundua! Mchuuzi mmoja anapasua samaki wakubwa, anawatolea minofu, na kichwa na mgongo wote anatupa ndoo ya chini. Vichwa vizima! Migongo imejaa nyama! Mimi mtu wa ziwa nusura nianguke. Nimesimama pale mpaka madam akaniita mara tatu.

Nikamuuliza vinakwenda wapi. Taka, akasema. Nikamwomba kwa upole aniwekee vyote.

Kando yangu alikuwa dada mmoja, Risper, mzaliwa wa Homa Bay, anafanya kazi nyumba ya jirani na soko. Amebeba mfuko wake mdogo wa vichwa viwili. Mchuuzi akaniambia huyo huja kila Jumamosi, ana paka. Risper akanikanyaga mguu, kwa bahati mbaya nadhani, maana soko lilikuwa limejaa. Nikamhurumia. Mshahara wa huku ulivyo, na bado mtu analisha paka! Tena akanikazia macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Mchuuzi akaniuliza na mimi nina paka wangapi. Nikacheka. Nikamwambia mimi sina paka, ila kesho asile chakula cha mchana mpaka nifike.

Bakuli la madam lenye kifuniko nimelikuta limekuja nasi. Nimeshalisafisha.