Pengo la Mfungo Mosi

Jumapili, 5 Juni 1955

Sina meno! Yaani ninayo, lakini yale ya mbele, ya kuchekea watu, yamekwisha. Mawili yamekatika nusu na ncha zake zinanikata ulimi. La tatu halijulikani liliko. Mama kafagia uwanja mzima wa jirani tangu alfajiri. Kapata vifungo viwili na kisigino cha kiatu. Jino hakuna.

Mfungo mosi huu, Ramadhani imekwisha, harusi kila mtaa. Jana ngoma ilikuwa hapahapa Temeke, kwa jirani yetu. Hija, yule fundi cherehani anayejiona, akainua kinu kwa meno. Kinu kizima! Akazunguka nacho mikono nyuma, wanawake wakapiga vigelegele. Hamisa naye akapiga! Hamisa wa Kinondoni, ambaye barua yangu ya posa iko kwa shangazi yake tangu Idi! Nilimwona kwa macho yangu haya mawili.

Lakini mie nilikuwa nimejipanga. Nilishajua Hija atajionyesha. Nikachukua kinu kidogo cha mama, cha kutwangia bizari, nikakizungushia matambara na kanga mpaka kikanenepa, nikakificha nyuma ya mapipa. Zamu yangu ilipofika nikatangaza: mie Kondo, tarishi wa serikali, nitainua kinu kikiwa kimefunikwa. Watu wakashangilia. Nikauma. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Kumbe Mihambo kakibadilisha! Ndani ya kanga mlikuwa na kinu kikubwa cha mwenye harusi, cha mvule. Kinu hakikutikisika. Meno ndiyo yaliyotikisika.

Na siwezi kukasirika. Mihambo ni mtani wangu. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, na mababu zetu walishamaliza maneno: mtani akikufanyia, unacheka. Ukinuna, wewe ndiye mwenye aibu. Basi nilicheka. Damu ikanichuruzika mpaka kwenye kanzu.

Jumatatu, 6 Juni 1955

Kazini nimekwenda na leso mdomoni. Nimesema mafua. Bwana mkubwa akaniuliza kama bahasha za Jumamosi zimefika. Nikamjibu zimefika sawasawa. Toba! Filimbi ikanitoka mdomoni, kali, ndefu. Bwana mkubwa akageuka kuangalia kama birika limechemka.

Mihambo, baada ya kunitia balaani, sasa ana huruma. Anafanya kazi kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja huko Uhindini. Anachemsha makoleo na kushika vichwa vya wagonjwa. Kasema daktari wake atayavika kofia yale mawili na kunitengenezea la tatu. Kasema haliumi hata kidogo. Aliposema hivyo alikuwa anatazama pembeni.

Adhuhuri nikaenda. Nilikwenda kiume kabisa, baiskeli nikaiegemeza mlangoni. Ndani nikasikia mashine. Inakanyagwa kwa mguu! Inalia vilevile kama cherehani ya Hija, ila hii haishoni nguo, inashona watu. Nyuma ya pazia mtu akasema aaah. Halafu akanyamaza. Kwa nini alinyamaza?

Daktari akatoka, kashika kioo kidogo chenye mkono mrefu, anatabasamu. Akaniuliza shida yangu. Nikasema nimeleta barua. Akauliza iko wapi. Nikasema nimeisahau, naifuata. Nikaifuata mbio mpaka Kariakoo, ndipo nikakumbuka nina baiskeli.

Nimerudi Temeke kwa miguu. Jioni baiskeli imeletwa na Mihambo. Alikuwa kaipanda yeye, kampakia na mkewe nyuma, wote wawili wananipungia mkono.

Jumatano, 8 Juni 1955

Mama wee! Mshenga wangu kaja na habari. Bi Somoe, shangazi yake Hamisa, kasikia jambo kuhusu mdomo wangu. Hataki kuamini ya kuambiwa. Anataka niende mwenyewe Ijumaa baada ya sala, ninywe kahawa barazani kwake, anitazame. Asiporidhika, barua inarudi. Na mshenga wa Hija kishaonekana mtaani kule, kavaa koti!

Sina raha. Hamisa ndiye mtu pekee ambaye nikimweleza mipango yangu hucheka kabla haijaharibika. Wengine husubiri. Nikimkosa huyu, nitazeeka na mama na kinu chake.

Kwa daktari sirudi. Basi nimepata akili nyingine, na ni akili hasa. Jirani na soko yuko mchongaji wa vinyago, Mmakonde, mkono wake hauna mfano. Nimemwagiza meno matatu ya mfupa wa ng'ombe. Akanipima kwa kijiti. Kwa kijiti tu! Hakuna mashine, hakuna kioo. Akanionya kwamba yeye amezoea kuchonga meno ya vinyago, na kinyago hakijawahi kurudi kulalamika. Nikamwambia achonge.

Jioni kanikabidhi. Yamekaa vizuri sana. Makubwa kidogo. Nayashikiza kwa nta ya nyuki. Nimejitazama kwenye kioo cha mama, nikajitisha, kisha nikazoea. Mama kaniambia nisimchekee akiwa peke yake nyumbani.

Ijumaa, 10 Juni 1955

Lahaula! Lahaula! Lazima niandike.

Nimefika Kinondoni nimevaa kanzu mpya. Mihambo kanifuata, hakuna aliyemwalika, maana mtani haalikwi. Nikamwamkia Bi Somoe shikamoo bila kufungua mdomo sana. Akaitikia marahaba, akanikazia macho. Akasema mbona meno yenyewe makubwa hivi. Nikasema ndivyo yalivyo kwa ukoo wa baba. Akasema alimjua baba yangu. Nikasema basi ukoo wa mama.

Hata hivyo alianza kulegea. Akasema kijana ana adabu, kazi ya serikali, baiskeli yake. Nyuma ya pazia nikasikia bangili za Hamisa. Nikajiona bwana harusi tayari. Kahawa ikaletwa, na sahani ya halua.

Kahawa! Kahawa ya moto! Na mie mdomoni nina nta!

Funda la kwanza, nikahisi jino linatembea. Funda la pili, likazama kwenye kikombe. La pili likanibaki ulimini, nikalimeza. Nimelimeza! Nikaona nijiokoe, nikajaza halua mdomoni ili isionekane nafasi. Halua ikaling'ang'ania la tatu, nikaitoa kwa vidole kwa siri na kuirudisha kando ya sahani. Kwa siri, nasema, hakuna aliyeona.

Bi Somoe akanyoosha mkono, akaichukua ileile. Akatafuna. Ko! Ukelele alioupiga ulisikika mtaa wa pili. Akatema mkononi, akaona jino. Akajipapasa mdomoni, akayahesabu yake kwa kidole, moja moja, machozi yanamtoka, akasema Yarabi, jino langu limekuwa kubwa hivi tangu lini?

Kisha akanitazama mie. Nami kwa mshangao nilikuwa nimeachama.

Mihambo ndiye aliyelala chini kwa kicheko. Akalichukua jino mkononi mwa Bi Somoe, akachovya vidole kikombeni mwangu akatoa lile lililozama, akayafunga kwenye kitambaa. Akatangaza mbele ya wote kwamba kwa haki ya utani meno haya ni mateka wake. Nikiyataka, nikayakomboe kwenye kiti cha daktari. Majirani wakapiga makofi. Nami nikacheka, maana ndiyo sheria. Nimecheka kutoka Kinondoni mpaka Temeke, watu wananipisha njia.

Jumamosi, 11 Juni 1955

Siamini! Mihambo kaweka matanga ya meno yangu. Barazani kwake, mchana kweupe! Kayalaza juu ya mkeka mdogo, kayafunika kitambaa, analia kwa sauti kwamba marehemu walikuwa wawili, ndugu yao wa tatu kazikwa tumboni. Watani wenzake wamejaa. Wanapita kunipa pole. Mmoja kaniuliza kama marehemu wameacha ufizi mjane. Hija naye kaja, kakaa mbele kabisa, kafuta machozi yasiyokuwapo. Huyo si mtani wangu hata kidogo! Huyo nimemnunia.

Jioni Mwanaasha, binamu yake Hamisa, kaniletea maneno. Bi Somoe kasema barua inarudi Ijumaa ijayo, na ya Hija inapokelewa. Nikauliza Hamisa mwenyewe kasemaje. Mwanaasha kasema Hamisa alicheka mpaka akaumwa mbavu, kisha akalia. Kasema pengo halimsumbui, hata angeolewa na kibogoyo. Kinachomsumbua ni mwanamume anayemkimbia mtu aliyeshika kioo. Kasema huyo, siku nyumba ikivuja, ataihama.

Maneno hayo yameniuma kuliko kinu.

Jumatatu, 13 Juni 1955

Mpango mpya! Meno ya mfupa yako kwa Mihambo kazini, kwenye droo ya pamba, kanitambia mwenyewe. Nitaingia na yunifomu yangu, bahasha kubwa mkononi, kama nimetumwa na serikali. Daktari akisoma bahasha, mie droo. Nikitoka nayo, Mihambo hana mateka, matanga yamekwisha, nami nayashikiza safari hii kwa lami. Lami haiogopi kahawa!

Baadaye. Nimerudi. Sijui nianzie wapi.

Niliingia. Daktari hakuitazama bahasha hata kidogo. Mihambo akamwambia kwa heshima zote kwamba huyu ndiye mgonjwa wetu wa leo, katumwa na serikali. Daktari akanishika mkono. Mkono laini! Nikadhani ananisalimia, kumbe ananikalisha. Kiti kikalala. Mihambo akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniambia sikioni kwamba nikipiga kelele nimenuna, na mtani aliyenuna atasimuliwa mpaka Tabora.

Sikupiga kelele. Naandika ukweli, sikupiga. Nilitaka kumng'ata, lakini kwa lipi? Sindano ikaja. Nikaona dirisha, halafu dari, halafu sura ya marehemu babu. Nikazimia.

Nilipozinduka daktari alikuwa ananawa. Nikamsihi asianze. Akasema ameshamaliza ya leo. Ameshamaliza! Kachonga yale mawili, kaondoa mzizi wa lile la tatu, kachukua na umbo la ufizi wangu kwenye kitu kama unga uliokandwa. Nikamuuliza kama ana hakika ni mie. Mdomo wote ulikuwa umekufa ganzi, nilijing'ata ulimi na sikujua.

Nimetoka pale natembea kifua mbele. Nimesahau baiskeli tena.

Alhamisi, 16 Juni 1955

NINA MENO! Mawili yamevikwa kofia, la tatu limepachikwa kwa kibati chembamba kinachokaa kwenye kaakaa. Meupe, madogo, ya binadamu! Nimesema sawasawa mara nyingi barabara nzima. Hakuna filimbi.

Daktari kanipa masharti. Nisimenye muwa kwa meno. Nisitafune mifupa. Nisifungue soda kwa meno. Nikaapa.

Nimepita Kinondoni moja kwa moja. Bi Somoe kaniamuru niachame, kayagonga kwa kijiko cha chai, kayavuta kwa kidole. Hayakutoka. Kaninywesha kahawa ya moto, vikombe vitatu, yeye mwenyewe hakugusa halua. Ndipo akasema barua haitarudi. Ndoa Ijumaa ya wiki ijayo! Nikalia mbele ya watu wazima.

Hamisa kazungumza nami mlangoni, shangazi yake akiwa karibu. Akaniuliza kama ni kweli nilikaa kwenye kile kiti kwa hiari yangu. Nikasema kwa hiari kabisa. Nyuma yangu Mihambo akakohoa, lakini hakusema kitu. Kumbe mtani naye ana utu. Hamisa akatabasamu, akasema ana ombi moja tu, nisijiumize tena kwa ajili ya vigelegele. Vyake nimeshavipata. Ningeweza kufa pale pale kwa furaha.

Mihambo kanirudishia meno ya mfupa. Kasema nitayahitaji. Sijui ana maana gani.

Jumapili, 19 Juni 1955

Ala! Ala! Hija kapeleka salamu kila kona. Kasema hana kinyongo. Kasema Ijumaa atakuja kwenye ngoma ya harusi yangu, na kama zawadi kwa bibi harusi atainua kinu kwa meno, kikiwa na mtu ndani. Mtu! Kwenye harusi yangu! Mbele ya mke wangu!

Hamisa kaleta neno kupitia Mwanaasha. Kasema nimwache ainue mpaka achoke, sie tutakuwa tunakula pilau. Ni msichana mwema, lakini mambo ya heshima ya mwanamume hawezi kuyaelewa. Na mie safari hii sikurupuki. Nina siku kadhaa za mazoezi. Naanza na kile kidogo cha bizari, taratibu, bila kanga, bila hila. Tena haya si meno ya kawaida. Haya yametengenezwa na mtaalamu.

Nimekaa nikayapitia masharti vizuri, neno kwa neno. Mama kaenda kwa jirani kuazima sufuria za harusi. Kinu kiko uani.

Daktari alikataza muwa, mifupa na soda. Kinu hakukitaja.