Bwawa la Sebuleni na Pilau ya Jumamosi

Jumatatu, 6 Oktoba

Imeamuliwa. Mwanangu wa kwanza atazaliwa huku huku ughaibuni, mtaani kwetu Schaerbeek, sebuleni, ndani ya maji. Mkunga wetu, Mama Rolande, amempima Mwamvua leo na kusema kila kitu kiko sawa. Mtoto ameshageuza kichwa chini. Wiki hii au ijayo. Bwawa la kupuliza nikalichukue kwake kesho.

Mwamvua ametoa sharti moja tu. Asijue mtu. Mke wangu ni msomi, ofisi yake iko kwenye majengo ya vioo kule stesheni ya Gare du Nord, lakini kwa hili ni mjukuu wa bibi yake wa Pangani. Uchungu hufichwa, na kila sikio linalosikia linauongezea urefu. Siri ikivuja, anakwenda hospitali na mimi nitakaa nje kwenye benchi.

Nje kwenye benchi! Mimi, ninayetaka kumpokea mtoto kwa mikono yangu mwenyewe! Bertin, jirani yetu wa chini, alimpokea binti yake ndani ya gari, kwenye taa nyekundu, na mpaka leo tukikutana kwenye masanduku ya barua lazima ainue mikono anionyeshe. Mikono yenyewe ya kawaida tu.

Kutunza siri kwangu ni kazi ndogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Begi la bwawa nimelibeba kwenye tramu bila tatizo. Ngazi nimezipanda vizuri mpaka kona ya kwanza. Hapo begi likakwama, nami nikakwama nyuma yake, na Bertin akatokea. Akashika upande wa pili bila kuombwa, akauliza ndani mna nini. Nikajibu papo hapo bila kupepesa macho: beseni la tiba. Mgongo wangu mbovu, daktari kaagiza nikae kwenye maji ya moto. Uongo safi kabisa.

Bertin akasimama pale pale kwenye ngazi. Kumbe na yeye ana mgongo. Aliuumiza zamani kazini, na hajapata dawa. Ameuliza kama Jumamosi anaweza kupanda na taulo lake. Nikasema tutaona. Kwa Bertin, tutaona maana yake ndiyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Jaribio la kujaza bwawa. Mpira wa maji umekataa kukaa kwenye bomba la jikoni, nikaufunga kwa soksi. Maji ya moto yaliisha kabla hayajafunika hata vifundo vya miguu. Kisha soksi ikafunguka, mimi nikiwa chumbani nampa Mwamvua habari njema.

Carine, mke wa Bertin, akapanda na sufuria mkononi. Ndani yake maji yaliyovuja kwenye dari yake. Mwamvua akajifungia chumbani na tumbo lake. Nimemwambia Carine nilikuwa naosha mazulia. Akatazama sebule. Hatuna zulia hata moja. Akatazama bwawa, akatazama mlango wa chumbani, mwisho akanitazama mimi.

“Bon, papa Jaffari,” akasema taratibu. “Na mimi niko na tapis moja ya salon. Nitakuletea.”

Amelileta. Kubwa, zito, na limelowa kwa maji yangu mwenyewe. Jioni yote nimekuwa nimepiga magoti bafuni nikilisugua. Mwamvua amepita mlangoni akanitazama, wala hakuuliza kitu. Mke mwelewa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama Rolande anasema maji yakipungua moto tuongeze ya sufuria. Sisi tuna sufuria moja na birika. Hapa lazima akili itumike.

Veronica, Mkenya anayekaa mtaa wa Auderghem, ana masufuria makubwa ya sherehe za kanisa. Kila mtu huazima kwake. Nimempigia nikiwa kazini. Akauliza ni ya nini. Nimesema nataka kupika pilau Jumamosi. Nani anaweza kuishuku pilau?

Amefurahi sana. Masufuria ataleta mwenyewe. Halafu akauliza waje saa ngapi. Sikusema waje! Nilisema pilau! Lakini ukishataja pilau kwa watu wa kwetu huwezi tena kusema ni ya kula peke yako. Kabla sijatoka kazini watu wameshaniandikia kwenye kundi letu la simu, majirani na watu wa kwetu wote, kuuliza nani analeta kachumbari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimejaribu kuifuta pilau. Nimeandika kwenye kundi kwamba Mwamvua hajisikii vizuri. Kosa kubwa. Wote wamejibu kwamba basi ni lazima waje kumwona. Nikaufuta ule ujumbe, nikaandika kwamba nilikosea, mgonjwa ni mimi. Mgongo. Wamesema watakuja kuniona mimi. Bertin akaongeza kwamba mgongo ni maji ya moto tu, na taulo ameshaliweka tayari.

Mwamvua ameshinda akizunguka sebuleni, mkono kiunoni, akisimama mara kwa mara kuegemea ukuta. Nimemuuliza kama ndiyo uchungu wenyewe. Akasema hapana, amekaa vibaya kwenye kiti cha ofisi. Hivi viti vya ofisi vinaumiza watu. Nimempa mto.

Jumamosi, 11 Oktoba

 Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi Mwamvua akaniambia kwa upole kwamba pilau yangu ameisoma kwenye kundi, na harufu ya vitunguu haitaki, kwa hiyo nikapikie kwa Carine. Nikashuka. Carine alikuwa ameshamenya vitunguu na kuchambua mchele. Ningepaswa kujiuliza kwa nini. Sikujiuliza.

Veronica akafika na masufuria. Moja akaniachia mimi, mengine akayajaza maji, akayapasha, akayabeba juu na Carine. Nilipouliza, akasema yana masizi, anakwenda kuyaloweka. Ndoo za maji ya moto zikapanda pia. Mama Rolande nilimwona mlangoni kwa mgongo tu, akipanda na mkoba wake. Bertin alikuwa amevaa kaptula ya kuogelea, taulo begani, amekaa kwenye kiti kizingitini pa mlango. Kila nikitaka kutoka ananiuliza kuhusu viungo. Iliki inaingia saa ngapi. Mdalasini ni mzima au wa kusaga. Mtu hawezi kuacha swali kama hilo bila kulijibu.

Nilikuwa nimeshafunika pilau nakata pilipili za kachumbari Carine aliposhuka.

“Papa Jaffari, panda sasa. Mwamvua anakuita. Mutoto iko karibu.”

Bertin akasogeza kiti. Nikazipanda zile ngazi sijui kwa miguu ya nani.

Mwamvua alikuwa ndani ya maji, uso umelowa, macho yamefumbwa. Nikanyoosha mikono. Mama Rolande wala hakugeuka. Ilimfikia harufu tu, vitunguu na pilipili. Akasema nikanawe kwanza. Nikakimbilia bomba. Kitunguu hakitoki upesi, na pilipili ndiyo kabisa. Nyuma yangu Mwamvua akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha maji yakavurugika, kisha kimya.  Halafu mtoto akalia.

Niligeuka na povu mpaka viwikoni. Mwamvua amemtoa mwenyewe majini, amemlaza kifuani. Binti. Macho wazi, kama mtu aliyeamshwa mapema na anataka maelezo.

Nililia, tena sana. Wiki nzima nimekuwa na hofu, hofu ya kumpoteza mke wangu kwenye sebule yangu mwenyewe, na sikumwambia mtu. Nilimwadhinia binti yangu sikio la kulia, sauti ikakatika, nikaanza upya. Mama Rolande, Mkristo wa Bukavu, alisubiri ameinamisha kichwa mpaka nikamaliza.

Baadaye nikamuuliza Mwamvua uchungu ulianza lini. Jana asubuhi. Na Carine je? Alijua tangu Jumatano alipoliona bwawa. Kesho yake, nilipokuwa kazini, Carine alipanda kumwambia Mwamvua atumie jiko lake kupashia maji, kisha akamwingiza na Veronica kwenye siri. Nikasema mbona sharti lilikuwa asijue mtu.

“Wanaopasha maji hawahesabiwi,” akasema Mwamvua. “Niliyekuwa namficha ni wewe.”

Akanishika mkono. Akasema alitaka niwe juu pale mwisho, ndiyo maana aliniita, na nimechelewa kidogo tu. Chini watu walikuwa wanakula pilau. Wamesema imezidi chumvi.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama na mtoto wazima. Mwamvua amelala. Kabla hajalala aliniambia nimpigie mama yake Tanga, niseme mtoto mzima, mama mzima, basi. Nisiongeze kitu. Mengine atayaeleza mwenyewe akiamka.

Nimempigia. Mama mkwe kwanza alilia kwa furaha, kisha akakumbuka kununa, kwa sababu kwao mimba ya kwanza mwanamke hurudi kujifungua kwa mama yake. Akauliza, haya, huyo mwanangu amezalia wapi?

Niliona kabisa kwamba ukweli utamuumiza. Basi nikasema hospitali kubwa. Kubwa kupita zote. Akauliza daktari gani. Nikasema Daktari Arnaud, bingwa, anaheshimiwa mji mzima. Mama mkwe akatulia kabisa. Nilisikia mwenyewe moyo wake unashuka. Hivi ndivyo mtu mzima anavyotunzwa.

Sasa anataka kumshukuru. Kesho, kwenye simu, na uso wake auone.

Si jambo la kuumiza kichwa. Bertin ana miwani na sauti nzito, na Kifaransa chake kinatosha kumtisha mtu yeyote. Carine anatunza wazee, koti jeupe analo. Ukuta wa sebule yao ni mweupe, ukiacha pale maji yaliposhukia. Nimemwomba Bertin awe Arnaud kwa muda mfupi tu, na asimwambie mtu. Amekubali mara moja.

Mama mkwe amepiga tena sasa hivi. Ana goti linamsumbua tangu mwaka jana, na kwa kuwa bingwa atakuwepo, atamweleza yote. Nimeshuka kumwambia Bertin asome kidogo kuhusu magoti.