Falme Tisa na Ufagio Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi shemeji kaingia chumbani kwangu bila hodi. Nyumba ni yake, sawa, lakini hodi haimpunguzii mtu kitu. Akauliza gemu limefika wapi. Nikamwambia liko pazuri. Akasema hapo pazuri anapasikia tangu amwoe dada yangu. Kisha akatoa hukumu: Jumapili baada ya chakula cha mchana nimwonyeshe gemu lenye mwanzo na mwisho, mtu alicheze mbele ya macho yake. La sivyo Jumatatu naingia dukani kwake kuuza pampu za maji, na chumba hiki kinakuwa stoo.

Pampu! Mimi, mbunifu wa Kisasi cha Falme Tisa!

Hali halisi, hapa kwenye shajara tu. Miaka mitatu ya kazi, peke yangu. Falme zilizokamilika: hakuna. Kilichopo ni uwanja wa nyumba ya mama yake shujaa, anapoanzia safari. Majani makavu yanaanguka kutoka mtini. Yanaanguka vizuri mno, kila moja kwa mwendo wake. Geti halifunguki. Upanga sijauchora, kwa hiyo shujaa ameshika ufagio. Kwa muda tu.

Kipaji ninacho. Kinachokosekana ni ari. Kesho naishughulikia ari.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu ya kwanza: kutangaza. Mtu akiahidi hadharani ataona haya kuacha. Nimezunguka mtaa mzima nikiwaambia watu kwamba Jumapili gemu langu linakamilika. Kinyozi kaacha kichwa cha mteja nusu, akanikumbatia. Mwenye duka kasema alijua tu kwamba nitafika mbali. Kila niliyemwambia kanipa hongera na mkono.

Nimerudi nyumbani nikijisikia kama mtu aliyekwisha maliza. Nikajinyoosha kitandani, roho kwatu. Kazi iliyofanyika: hakuna.

Nyongeza. Fundi Simu, yule wa kibanda cha kona, naye kaniambia anatengeneza gemu, kidogo kidogo akisubiri wateja. La kudaka nyanya kwa kikapu. Nyanya! Nilijizuia kucheka. Akauliza langu linahusu nini. Nilipofika ufalme wa tatu akaniomba radhi, kuna mteja. Hakukuwa na mteja.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya pili: zawadi. Kila kazi moja, biskuti moja. Nilianza na biskuti ya kujiandaa. Ya pili na ya tatu nikazichukua kama kianzio cha kazi ya geti, maana geti si mchezo. Kufika saa sita pakiti imekwisha, geti limefungwa vilevile.

Jioni nimeboresha majani. Sasa yanapinduka yakigusa ardhi. Hakuna aliyeniomba, lakini yamependeza.

Dada kaona ganda la pakiti. Kumbe biskuti zilikuwa za wageni. Kanisema mpaka maneno yakamwishia, akaanza upya.

Alhamisi, 7 Machi

Mbinu ya tatu: msimamizi. Nimempa kazi hiyo Bibi, mama yake mama yetu, anayeishi nasi. Magoti yamemgomea, hatoki, muda anao. Kazi yake ni kukaa nyuma yangu na kunigombeza nikiacha kuandika. Kakubali haraka. Akasema, mume wangu, leo utanikoma. Ananiita mume wake tangu nizaliwe.

Akaketi. Punde si punde akalala fofofo. Kibodi yangu ina kelele, na kumwamsha mtu mzima ni utovu wa adabu. Nikakaa kimya kama maji ya mtungi mpaka alasiri. Alipoamka akauliza kama nimefanya kazi. Nikasema sana. Akajisifu kwa usimamizi wake.

Kisha akatazama kioo cha kompyuta, akauliza huyo kijana amesimama nini kwenye uwanja mchafu na ufagio anao mkononi. Nikamweleza habari za falme tisa, za kisasi, za mfalme msaliti. Akasikiliza yote. Akasema sawa, lakini kwanza afagie.

Bibi hajui sanaa.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Fundi Simu kamaliza! Nyanya zinaanguka, kikapu kinadaka, pointi zinahesabiwa, mwisho unafika. Wateja wa kinyozi wanacheza wakisubiri zamu. Kinyozi mwenyewe anacheza kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika mashine.

Nimelicheza ili nilione kasoro. Nyanya hazina vivuli. Nikaendelea kulichunguza mpaka kibanda kikafungwa. Rekodi ya juu sasa ni yangu.

Nimerudi natokota. Wivu ninao, siufichi. Yule mtu hana hata mfalme! Nikakaa nikaandika kwa hasira. Nilitaka kitu kimoja tu kifanye kazi, chochote, na shujaa mkononi ana ufagio. Basi, nimemfanya afagie.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi mfululizo, sijui imetoka wapi. Majani yanafagilika, yanakuwa lundo. Ilibaki sauti. Dada alikuwa anafagia uwanja wetu, nikamfuata nyuma na simu narekodi. Akageuka, akauliza mtu mwenye mikono miwili anashindwaje kumpokea ufagio. Nimelazimika kuifuta sehemu hiyo.

Mwisho nao nimeubandika, wa muda tu. Uwanja ukiwa safi, mama anatoka mlangoni anasema, ahsante mwanangu. Geti bado halifunguki. Kesho ni kesho.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kajipweteka kitini, mikono kifuani. Nikaanza kutoa hotuba ya falme tisa. Bibi akanikatiza, akasema tumpishe, acheze yeye.

Akafagia. Polepole, kidole kimoja, akianzia pembeni kwenye ukuta na kurudi nyumanyuma, hasa kama mtu aliyeinama. Ulisikika ufagio tu. Uwanja ulipotakata, mama akatoka, akasema ahsante mwanangu. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema tangu magoti yamkatae hajapata kufagia uwanja ukaisha, na kwamba mikono yake ilikuwa na hamu. Hapo likaanguka jani. Ebo! akasema, akaanza tena.

Dada akaomba zamu. Shemeji naye akaomba, akaruka kona mbili, Bibi akamrudisha. Watu walikuwa wanagombania ufagio wangu!

Mwishowe shemeji akasema hili gemu limekwisha. Lina mwanzo, lina mwisho, limemliza Bibi. Kesho nilitoe kwenye intaneti kama lilivyo, nisiguse kitu, na chumba kitabaki changu. Kubonyeza kitufe kimoja tu.

Nilifurahi kweli. Nilikaribia kulia mimi mwenyewe. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mfalme msaliti.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi nilikuwa tayari kabisa, kidole juu ya kitufe. Nikafikiria kitu kimoja kidogo. Shujaa wa ufagio? Fundi Simu atanicheka. Nikauchora upanga haraka haraka. Upanga wa moto. Ufagio nikaufuta kila mahali, na nakala za zamani pia, ili nisishawishike kurudi nyuma.

Moto ukashika majani. Makavu, ni haki yake. Majani yakashika mti, mti ukashika nyumba. Kompyuta ikaganda. Nimeizima, nimeiwasha, nimeibembeleza. Gemu halifunguki ng'o.

Jumanne, 12 Machi

Naandika haya nyuma ya maboksi ya pampu. Shemeji hakufoka. Kanipa koti la bluu la dukani. Limenikaa sawasawa, jina langu limeshonwa kifuani. Alikuwa nalo tangu mwezi uliopita.

Jana jioni Bibi alivuta kiti chake mpaka mbele ya kompyuta, akauliza uwanja wake uko wapi. Nikamwambia umeungua. Kisha akauliza kama mama yule alikuwa ndani. Hilo limenichoma, nasema kweli. Nikamwapia kwamba atapata uwanja mwingine.

Leo Fundi Simu kaja kununua mpira wa bomba. Kasema tukikaa pamoja siku mbili tatu, uwanja na ufagio vinarudi, kisha nilitoe. Nikamshukuru. Nikamkatalia. Yeye ni mtu wa nyanya.

Maana kosa nimeshalijua. Falme tisa zilikuwa chache mno, mtu hawezi kuwa na ari kwa kitu kidogo. Sasa zitakuwa kumi na mbili, na bahari. Uwanja wa Bibi nimeuweka ufalme wa kumi na mbili, atafika tu. Leo mchana nimeanza na majani.

Kinyozi nimeshamwambia. Kanikumbatia.