Presha Uwanja Mzima

Jumatatu, 16 Juni

Wiki ndiyo kwanza inaanza, nami nimeshachoka. Bi Teopista, mwenye timu yetu ya kikapu ya wanawake hapa Kasese, ameniita. Tukifungwa na Bwera Jumamosi, kazi sina. Ataichukua Xavier, kocha wao, Mkongo wa Butembo anayefundisha huku ameketi. Ameketi!

Lakini nina mpango. Presha uwanja mzima! Kuwabana kuanzia chini ya kikapu chao, mwanzo hadi mwisho. Bi Teopista akauliza kama watu wazima wanaolipwa mshahara watakubali kukimbizwa hivyo. Nikasema watakubali.

Jumatano, 18 Juni

Hawakubali. Nimewapeleka Nyakalengija wapande mlima, wapate pumzi. Ketura, nahodha, akasema yeye ni mchezaji, si mpagazi. Nikatangulia kuwaonyesha mfano. Nimeshushwa kwa bodaboda. Goti limevimba kama papai.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi nimewakimbiza tena. Mchana nikaenda Bwera kuchungulia mazoezi yao, kofia hadi puani. Xavier akaniletea kiti.

“Ikala, kocha Nobert. Leo batoto beko banapumuzika.”

Wanapumzika! Siku moja kabla ya mechi! Nimewahurumia.

Jumamosi, 21 Juni

Robo ya kwanza: 21–6! Bwera hawavuki hata nusu ya uwanja. Nikacheza ngoma kwa goti lile lile. Nikamwambia Xavier asimame. Akaagiza soda.

Robo ya pili, miguu ikaisha. Naome akatapika kando ya benchi. Ya tatu, wawili wakatolewa kwa faulo, na Bwera wakawa wanarusha mipira mirefu juu ya vichwa vyetu. Martine wao alifunga peke yake, taratibu, kama anaanika nguo.

Ketura akanifuata, jasho tupu. “Kocha, turudi nyuma. Miguu imekwisha.”

Nikakataa. Nikapiga kelele: presha! Wakarudi nyuma wote watano bila kunitazama, wakakaa chini ya kikapu chetu, wakalinda.

Tumeshinda 58–57. Sauti sina.

Jumapili, 22 Juni

Bi Teopista amepiga simu baada ya misa. Pongezi nyingi. Za Ketura. Ndiye kocha sasa. Mimi nimepewa maveterani wa Kyondo, wakulima wa kahawa. Kijana wao ana miaka hamsini na miwili.

Hakuna anayekumbuka ile 21–6. Hakuna! Mechi niliishinda mimi, wao waliimalizia tu.

Nimekubali. Kesho asubuhi tunaanza, uwanja mzima. Bi Teopista amenionya kwamba watatu kati yao tayari wana presha.

Vizuri. Kumbe wameanza bila mimi.