Barua ya Upepo

Jamaldin alikuwa kwenye kibanda cha chai pale Makadara, andazi la hamri mkononi, sikio meza ya jirani. Huko Bwana Gharib, mwenye ghorofa, alikuwa akilalamika: mashine yake ya baridi yavuma mchana kutwa, lakini upepo haulingani, na wapangaji sasa wataka barua ya fundi kwamba kila chumba chapata haki yake, la sivyo wahame.

Jamaldin hakuwahi kusawazisha hata meza inayoyumba. Ila alikuwa na mdomo, na mafundi wengi mjini huanza na chombo hicho hicho.

"Sabalkheri, ami. Kusawazisha hewa ndiyo kazi yangu. Nami natafuta ofisi. Nipe chumba kwa nusu ya kodi, nikupe barua."

Gharib alimtazama kwa upole. "Ukilipa ya mwaka mzima mbele, mwanangu, tumeelewana."

Jamaldin akauza pikipiki yake, akalipa.

Siku ya kupima alifika na ngazi na kipima upepo cha kuazima. Juu ya dari ya ushoroba lilipita bomba moja la upepo lenye vilango vinne, kila chumba na chake. Kabla ya kuingia kila chumba, Jamaldin alipanda ngazi na uso wa msiba, akakifungua kilango cha chumba hicho na kuvifunga vitatu vingine. Upepo wa nyumba nzima ukamiminika mahali pamoja.

Chumbani mwa Bi Mwanakuu, fundi cherehani, mabuibui yaliruka kutoka kwenye vitundikio.

"Huu ni upepo, au ni pepo wa kupungwa?"

"Ni sayansi, bibi."

"Basi iambie hiyo sayansi iniachie vitambaa vya watu!"

Cha pili vivyo hivyo, na cha tatu, na cha nne, kilichokuwa kitupu mwisho wa ushoroba. Gharib alifuata nyuma, akiitikia kwa kichwa kama yuko kwenye hotuba. Jamaldin akaandika: vyumba vyote vinne, upepo wa kutosha. Akatia sahihi, na cheo alichojipa papo hapo. Gharib akaisoma barua mara mbili, akaikunja, akatoa ufunguo. Ulikuwa wa chumba cha nne.

Vilango vyote vilipofunguliwa, Jamaldin aliijua ofisi yake. Haikuwa na dirisha. Bati la paa lilimkalia kichwani. Na upepo, ukishagawiwa vyumba vitatu vya mbele, ulimfikia kama pumzi ya mgonjwa. Adhuhuri alimwendea Gharib, shati limemganda mwilini.

"Ami, chumba kile hakina hewa! Nirudishie kodi yangu."

"Hakina?" Gharib akaikunjua barua. "Chumba cha nne, upepo wa kutosha. Sahihi hii ni ya nani, mwanangu?"

Jamaldin akanyoosha mkono kuichukua barua; Gharib akaitia mfukoni.

"Ukisema ni ya uongo, twende tukawaambie wapangaji pamoja, na cheo chako ukawaeleze umekipata chuo gani. Miaka mitano hakuna aliyekitaka chumba kile. Mtu wa kukisifu kwa maandishi nalikuwa nikimtafuta kwa tochi."

Jamaldin alirudi ushorobani akijifuta shingo. Bi Mwanakuu alichungulia.

"Ehe, fundi! Wapi na jasho hilo?"

"Ofisini, bibi."

"Pole," akasema, akafunga mlango upesi, baridi yake isitoke.