Kasoro za Gari Jeusi

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Kupima Uaminifu wa Wauzaji wa Magari Yaliyotumika inautangazia umma kwamba uaminifu sasa unapimika. Una alama mia, fomu ya kurasa tisa na muhuri. Mimi ni katibu wa Kamati, na muhuri ninautunza mimi.

Kanuni yetu kuu ni nyepesi: gari ambalo halijaandikwa kasoro halina kasoro. Kwa kanuni hiyo, anayeongoza ni Poda, aliyepewa jina hilo kwa sababu magari yake hung'aa na kunukia. Kasoro zilizoandikwa katika yadi yake ni sifuri. Alipoulizwa kama huwadanganya wateja alijibu, "Hata siku moja," bila kupepesa macho. Kutopepesa kuna alama ishirini.

Poda alimkabidhi Mwenyekiti wetu gari jeusi kwa ajili ya majaribio ya kitaalamu. Majaribio yameingia mwezi wa saba. Siku moja tu baada ya kulipokea, Mwenyekiti aliongeza Kipengele cha Kumi na Nne: "Mwenyekiti akipanda gari la muuzaji kwa hiari yake, muuzaji huyo atapewa alama mia bila kujali vipengele vingine." Nilipiga muhuri.

Aliyeshika mkia ni mjane anayeitwa Mama Chaki. Gari likiingia kwake kutoka ng'ambo, hulikagua siku mbili nzima, kisha huandika kwa chaki kwenye kioo cha mbele kila ubaya aliouona. "Gia ya tatu inagoma." "Liligongwa ubavuni, likanyooshwa." Tulihesabu kasoro mia moja na kumi na mbili, zote kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakuna muuzaji aliyewahi kukiri kiasi hicho. Tukaamua yadi yake ifungwe. Alituandikia kwamba yadi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu wanne. Fomu haina sehemu ya wajukuu. Niliitafuta.

Jumatatu tulikwenda kumfungia, watu watano ndani ya gari jeusi, mnyororo na kufuli vikiwa mapajani mwangu. Karibu na lango lake gari lilikohoa, likatoa moshi, likazima.

"Mheshimiwa, tusukume?" niliuliza.

"Gari hili halina kasoro," alisema Mwenyekiti. "Limepumzika tu."

Tukalisukuma likiwa limepumzika hadi ndani ya yadi, maana barabarani watu walikuwa wameanza kucheka.

Mama Chaki akatoka akijifuta grisi mikononi. "Karibuni, wanangu. Mbona mnahema hivyo?"

"Mama, tumekuja kukufungia," Mwenyekiti alisema kwa shida.

"Haya, baba. Sasa nianze kufunga yadi au nifungue boneti? Maana mnaungua."

Akafungua boneti. Akanusa, akagusa, akaguna. Kisha akafungua mlango wa dereva na kuinama. Pembeni mwa mlango palikuwa na kibandiko kidogo cha karakana ya ng'ambo, chenye maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua. Tarakimu zilisomeka.

"Vibandiko vya hapa huwa ni vya oili. Waliibadilisha kwenye kilomita laki mbili na elfu kumi na nne," alisema. "Mita yako inasema elfu arobaini na nane. Baba, hili gari lilikuja huku kinyumenyume?"

Mjumbe mmoja alicheka, akakumbuka yuko na nani, akakohoa.

"Ulinunua kwa nani?"

"Sikununua," Mwenyekiti alijibu kwa hadhi. "Nilipewa na Poda."

"Aa. Ulipewa." Akatoa chaki mfukoni.

Mama Chaki alipokuwa akiandika kwenye kioo cha gari jeusi, Mwenyekiti alitazama saa. Waziri alikuwa akimsubiri, aelezwe mafanikio ya Kamati.

"Hakuna gari hapa la kutufikisha mjini?"

"Lipo lile la kijani."

"Breki zake je?"

"Soma kioo."

Akasoma: "Breki nzima. Dirisha la kushoto halishuki. Kiti cha nyuma kinanuka mbwa." Hakuuliza zaidi. Wala hakuangalia kama mama anapepesa. Alipanda mwenyewe, akakaa mbele. Sisi wanne tukaenda nyuma kukaa na mbwa. Mama Chaki akashika usukani.

Dirisha la kushoto halikushuka. Breki zilikuwa nzima. Nikatoa fomu, nikaiweka juu ya mnyororo, nikajaza Kipengele cha Kumi na Nne na kupiga muhuri: Mama Chaki, alama mia.

Mwenyekiti aligeuka. "We binti, unagonga nini huko?"

"Kanuni yako, Mheshimiwa."

Mama Chaki alitazama barabara. Alibadilisha gia taratibu sana.

Gari jeusi bado liko yadini kwa Mama Chaki, limeelekezwa barabarani, na wapita njia husimama kulisoma. Lina kasoro kumi na tisa. Ya kwanza imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote: MWENYEKITI WA KAMATI ALIPEWA BURE NA PODA.

Umma unakaribishwa kukagua.