Ombi la Kufuta Mafiga Ukutani mwa Kanisa

Ulemo, Iramba,
Singida.

Kwa Mzee Simeoni,
Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei,
Kigangoni kwetu.

YAH: MAUMBO YALIYOHAMIA JIKONI KWANGU

Tumsifu Yesu Kristo, Baba Mwenyekiti. Shikamoo. Mimi ni Kristina, mke wa Alphonce yule fundi baiskeli, mama yake Yasinta, yule mtoto anayelia kila padre akianza mahubiri. Hatujambo. Naandika kwa sababu nikija kwako uso kwa uso nitaishia kukusalimia na kunywa chai, na jambo hili ni zito. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea adabu hapa na pale ujue ni kalamu, si moyo.

Baba, ni ule ukuta wa mbele, pembeni ya altare. Unakumbuka picha za zamani zilivyokuwa zimepauka: pembetatu yenye jicho katikati, na Bikira Maria mwenye duara la mwanga kichwani. Mkamwita yule kijana Peniel kutoka Singida Mjini azipake rangi mpya. Sisi tulijua atafuatisha mistari. Yeye akaanza kutuuliza akina mama tuliokuwa tunafagia: "Mama zangu, hii pembetatu kwenu ina maana gani? Nani aliwaambia? Na isingekuwa pembetatu, ingekuwa nini?" Tukacheka, tukamjibu ovyo ovyo, tukaenda zetu. Jumapili tunaingia kanisani, pembetatu imekuwa mafiga matatu, jicho limekuwa moto, na duara la Bikira Maria limekuwa ngata ya kitenge, kama hizi tunazobebea ndoo. Jirani yangu Sikudhani, ambaye ni Mwislamu na alikuja tu kuchungulia, aliniuliza pale mlangoni: "Mama Yasinta, sasa ndoo kaiacha wapi?"

Naomba ukuta huo upigwe chokaa kabla ya Jumapili ijayo, padre atakapokuja kubatiza watoto. Sababu zangu ni hizi.

1. Mafiga. Tangu siku ile siwezi kupika kwa amani. Zamani figa likiyumba nilikuwa nalipiga teke linakaa sawa. Sasa mguu unakataa. Na figa langu moja ni fupi, nimeliwekea kigae chini. Nikamuuliza Katekista, hilo fupi ni nani kati ya wale Watatu wa Utatu Mtakatifu? Akakohoa, akaniambia nikachambue maharage. Nimechambua, swali limebaki. Halafu Alphonce anataka kununua jiko la gesi. Nimelitazama dukani, lina miguu minne. Nimemwambia haliingii nyumbani mpaka mtu wa dini atueleze mguu wa nne ni wa nani. Na Sikudhani naye anapikia mafiga matatu tangu aolewe. Je, tumhesabu ni wetu? Nilimuuliza mwenyewe, akasema nisimtafutie maneno na mume wake.

2. Ngata. Ya kwangu ni kipande cha kitenge kilichochakaa, na kazi yake ya pili ni kumrushia jogoo akidonoa mtama niliouanika. Wiki hii nimemrushia, nikajikuta napiga ishara ya msalaba. Jogoo mwenyewe alishangaa. Na bombani ndiko kumeharibika kabisa. Unajua kawaida yetu pale, ndoo zinagongana, maneno yanaruka. Juzi wawili walitaka kushikana, mwenzao akawaambia, "Nyie, mnapigana na taji la Mama Maria vichwani?" Wakaachana. Sasa kila mtu ni "tangulia wewe, mwenzangu," "hapana, tangulia wewe mwenye mtoto mgongoni." Baba, maji yanamwagika bure na foleni haiendi! Tulikuwa tunawahi kurudi nyumbani tulipokuwa tunagombana.

3. Hili linakuhusu wewe, unisamehe. Jumapili iliyopita niliingia na ngata kichwani, natoka bombani moja kwa moja, ukanizuia mlangoni: "We binti, toa hilo tambara kichwani, hapa ni nyumba ya Mungu!" Sikubisha. Nilinyoosha tu kidole kuelekea ukutani. Ukautazama ukuta, ukanitazama mimi, ukautazama tena ukuta, kisha ukaenda kukaa benchi la nyuma, na wimbo wa sadaka hukuimba. Haipendezi mwenyekiti wetu kunyamazishwa na rangi.

4. Kama duara linaweza kushuka kutoka mbinguni likatua kwenye kitenge changu, litaishia wapi? Ungo ni duara. Chapati ni duara. Matairi anayoyaziba Alphonce ni duara, na yeye huyatukana sana, tena mbele ya wateja. Naomba Halmashauri itangaze: ama chapati zote za Ulemo zikatwe pembe, ama duara lirudi juu kwa wenyewe. Mimi nilijaribu kupika chapati ya pembe nne ili niwe salama. Yasinta aliitema.

5. Hili ndilo hasa, mengine yanalisindikiza tu. Marehemu mama yangu alinileta mbele ya ukuta huo nikiwa mdogo, akanionyesha ile pembetatu, akasema, "Hapo wapo watatu, na wanakuona popote utakapokuwa." Sijui alielewa nini, maana shule hakufika hata nilipofika mimi. Lakini siku ya uchungu wa Yasinta, wakunga wananiambia sukuma na mimi nguvu zimekwisha, nilifumba macho nikaiona pembetatu ile na jicho lake. Nikasukuma. Tangu hapo nasubiri siku ya ubatizo nimwonyeshe mwanangu kitu kilekile kwa maneno yaleyale. Sasa nitamwonyesha nini? Nimwambie, "Mwanangu, Mungu yuko hapo tunapopikia ugali"? Mtoto aliyeambiwa hivyo atamwogopa Mungu lini? Atakuwa anamkimbilia tu kila akisikia njaa.

Kwa hiyo, Baba, chokaa. Ikikauka, pembetatu ichorwe upya kwa rula, na jicho lake lirudi. Peniel ni kijana mzuri, hana kiburi, msimfukuze. Apewe kazi nyingine, hata ya kuchora kibanda cha Alphonce, ila asiulize maswali.

Msalimie sana Mama hapo nyumbani, mwambie mbegu za mlenda alizonipa zimeota zote. Wajumbe wa Halmashauri nawasalimia kila mmoja kwa nafasi yake, na Katekista pia, apone kile kikohozi. Sikudhani naye anakupa shikamoo, anasema siku nyingine atachungulia tena.

Ni mimi mwanao ninayekuheshimu,
Kristina, mama Yasinta.

Nyongeza: Baba, nilikuwa naileta barua hii nikielekea bombani, Yasinta mgongoni, ngata kichwani. Nikapitia kanisani, nikamkuta fundi Antipasi amesimama mbele ya ukuta na ndoo ya chokaa na brashi. Kumbe mmeshaamua hata kabla ya kunisoma, Mungu awabariki. Nikasogea tuiage ile picha, maana si vizuri kitu kiondoke bila kuagwa. Yasinta akachomoa mkono kwenye kitenge, akaipapasa ngata ya Bikira Maria. Kisha akaipapasa ya kwangu. Akarudi ya ukutani, akarudi ya kwangu, anacheka peke yake kama mtu aliyekutana na ndugu yake safarini. Maneno ya mama yangu nilikuwa nimeyaandaa, hayakuhitajika. Hakuna aliyemfundisha, Baba. Nimesimama pale machozi yananitoka na huku nacheka, mpaka Antipasi akaniuliza kama kuna msiba.

Basi yote niliyoandika huko juu, namba moja hadi tano, uyasome kama habari za nyumbani tu. Nataka abatizwe hapahapa, mafiga yakiwepo na moto wake. Maneno haya nayaandika nikiwa nimesimama kati ya brashi na ukuta, karatasi nimeiegemeza kwenye figa la kushoto. Antipasi ananiambia, "Dada, sogea basi, chokaa inakauka."

Nimemwambia ikauke.